Nyumba Iliyoteremka Dareda

Mdogo wangu alipoingiza lile gari uani, ng'ombe waligoma kupita. Walikuwa wanatoka zizini kwenda kunywa maji wakalikuta limeziba njia, kubwa, jeupe, lina dirisha lenye pazia, wakasimama wakilishangaa kama sisi tulivyolishangaa. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama mwanawe akishuka, amenenepa kidogo kuliko alivyoondoka, na mvi zimeanza kidevuni, akasema, "Kabla hujaniamkia, toa hicho kitu ng'ombe wapite."

Akalirudisha gari nyuma. Ng'ombe wakapita. Ndipo akaja, akainama mbele yake.

"Shikamoo, aayo."

Aayo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw, na sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake kwa miaka mingi. Kwenye simu alikuwa akisema "mama", labda kwa sababu lugha ya nyumbani inamtaka mtu awe anatazamana na mwenzake. Mama aliitikia marahaba, akamshika uso kwa mikono miwili, mwiko ukiwa bado mkononi, na uji ukambaki shavuni. Hakuufuta mpaka alipokaa.

Kwetu ni Nambis, juu, kwenye baridi. Mimi ndiye niliyebaki. Nafundisha shule ya msingi, nalima ngano na vitunguu saumu, na tangu baba afariki naishi na mama. Mdogo wangu alikwenda Marekani kusoma, akapata kazi, akaoa, akakaa. Anaishi upande wa magharibi wa nchi ile, ambako ni jangwa. Kila likizo yeye na mkewe hukodi gari lenye nyumba ndani yake, wakazunguka kwenye makorongo ya huko kwa wiki nzima. Alikuwa akinitumia video. Kuta za mawe mekundu zimesimama juu kuliko mlingoti wowote wa simu, na chini kabisa mto, mwembamba kama uzi uliodondoka. Nilikuwa nazitazama nikiwa nimekaa kwenye kigoda nasubiri maziwa yachemke. Siwezi kusema nilimwonea wivu. Nilitamani tu kuwa mtu ambaye anaamka asubuhi na hakuna anayemuuliza ndoo iko wapi.

Mama naye alizitazama. Lakini hakujali mawe. Alitaka kuliona gari.

"Wanalala humo humo?"

"Humo humo."

"Na kupika?"

"Na kupika. Na choo kimo."

 Siku nyingine tena akaniomba nimwonyeshe. Akasema polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Kwa gari kama hilo ningefika kwa dada yangu."

Dada yake, mama mkubwa wetu, alikuwa anaishi Dirma, upande wa Hanang, ambako babu alihamia zamani kutafuta malisho. Mama aliolewa akapanda huku juu. Dada yake aliolewa na mtu wa kule kule chini. Mara ya mwisho walikutana kwenye msiba wa baba. Baada ya hapo magoti ya mama yalikataa ngazi za basi, na kulikuwa na jambo jingine ambalo aliniambia mimi peke yangu: hakuweza tena kukaa safarini bila kwenda haja ndogo kila mara, na alikuwa anaona aibu kuwasimamisha abiria. Kwenye simu hawakuelewana. Mama mkubwa alikuwa amepungua masikio, kwa hiyo mama alikuwa anapiga kelele, mwenzake naye anapiga kelele, kila mmoja anauliza "Unasema?" mpaka wanachoka na kuagana.

Mdogo wangu alipopiga na kusema atakuja kututembelea, nilimweleza. Jambo la choo nilimwambia kwa kuzungukazunguka, maana ni mwanaume na ni mama yake. Akasema, "Nitatafuta Arusha, dada. Hayawezi kukosekana." Akapata hilo, lori fupi aina ya Canter lililojengewa chumba nyuma, ambalo watalii hukodi kwa safari zao. Ndani kulikuwa na kitanda kipana, kingine chembamba juu yake, jiko la gesi, meza ya kukunja na mlango mdogo ambao mama aliufungua, akachungulia, akaufunga tena, akasema kwa sauti ya chini, "Haya."

Tuliondoka asubuhi, ukungu bado uko mashambani. Mama alibeba vitunguu saumu, unga wa ngano, kitenge kipya na kuku jike mwenye miguu iliyofungwa, ambaye tulimweka chini ya meza. Mdogo wangu aliuliza kama kuku ni lazima. Mama alimtazama tu.

Tulipita Dongobesh, tukaendelea hadi mahali ambapo barabara inafika ukingoni kabla ya kuteremka Dareda. Pale nchi inakatika. Umetoka kwenye mashamba na miti na baridi, ghafla hakuna kitu mbele yako ila hewa, na chini sana kuna tambarare lenye rangi ya ngozi ya ng'ombe, na mbali, umekaa peke yake, mlima Hanang. Mdogo wangu alisimamisha gari. Tulimfungulia mama dirisha la kitandani, akajiegemeza kwenye mto akitazama chini. Sisi wawili tulishuka tukasimama kwenye majani.

Nilimwambia, "Basi huku si kitu kwako. Umeona makubwa zaidi."

 "Kule," akasema, "kila nikifika ukingoni, watu wanapiga picha, na mimi naangalia chini kutafuta Hanang. Najua hauko. Bado nautafuta. Mke wangu ananiuliza natafuta nini, na mimi namwambia natazama mto."

 Miaka yote ile nilikuwa nashika simu yangu jikoni natamani niwe aliko, na yeye aliko alikuwa anatamani asimame hapa niliposimama, mahali nilipopita kwa basi mara nyingi nikiwa nimesinzia. Nilimshika mkono kama nilivyokuwa nikimshika tulipokuwa tunakwenda shule. Mama akaita kutoka dirishani, "Mnangoja nini? Dada yangu anazeeka!"

Mteremko ule mdogo wangu aliuteremka polepole, kwa gia nzito, vikombe vikigongana kabatini. Joto likaanza kutupanda mwilini. Mama alivua sweta, kisha shuka, kisha kilemba, akabaki na nywele zake nyeupe zimesimama, anacheka.

Nangwa tukaegesha kando ya barabara, karibu na mti wa mgunga, ili tule. Nilisimama kama kawaida kwenda kupika, mdogo wangu akanizuia. "Kaa, dada." Akakaanga mayai, akakata nyanya, akapasha moto chapati alizonunua Dareda. Nilikaa. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Niliiweka mezani, nikaitoa, nikaiweka mapajani. Aliponiletea sahani nilitaka kulia, nikamwambia pilipili imeniingia machoni. Hakuwa ametia pilipili.

Watu walikusanyika kutazama. Mama mmoja aliyekuwa amebeba kuni alituuliza kama tunauza dawa. Mama yangu akamjibu kutoka kitandani, bila kunyanyuka, "Hapana, mama. Hapa ni kwangu. Ninapita." Yule mama akacheka, akapewa chai, akainywa akiwa amesimama mlangoni, akaenda zake.

Karibu na Katesh tulipita pale ambapo mlima uliporomosha tope na mawe juu ya watu. Mawe mengine bado yamelala mahali yalipofikia. Mdogo wangu alikuwa ameona habari hizo akiwa mbali, na aliniambia kwamba siku ile alipiga simu za watu wote aliowafahamu huku, hata wale aliowasahau majina. Mama alijifunika kilemba tena, akasali kwa sauti ndogo mpaka tukapita.

Dirma tulifika jua likiwa bado na nguvu. Watoto walitangulia kukimbia mbele ya gari. Mama mkubwa alikuwa amekaa nje ya nyumba yake kwenye ngozi, anachambua mtama kwa vidole, maana macho nayo yalikuwa yamebaki kidogo sana. Alisikia ngurumo, akainua uso upande ambao si wetu.

Mama alikataa kushikwa. Alishuka zile ngazi kwa kurudi nyuma, kama mtoto, akatembea akijisukuma kwa fimbo mpaka akasimama mbele ya dada yake.  Aliinama kwa shida, akachukua mkono wa mwenzake, akauweka kichwani kwake mwenyewe. Mama mkubwa akapapasa nywele, akashuka kwenye sikio, akalivuta. Kumbe sikio la mama lina pengo dogo kwenye ncha, mimi niliyemwosha nywele miaka yote nilidhani ni uzee.

"Punda," akasema mama mkubwa.

"Yule yule," akasema mama.

"Alikuuma ukiwa umeninyima kiazi."

Wakaanza kucheka, kisha wakawa hawacheki tena. Sisi wengine tukaondoka pale, tukajifanya tunashusha mizigo.

Ugomvi ulikuja jioni, tulipokwisha kula. Mtoto wa kiume wa mama mkubwa, ambaye kwetu ni kaka, alikuwa ametandika vitanda viwili na kuhamisha wanawe wakalale kwa jirani. Mdogo wangu akamshukuru, akasema wasijisumbue, tutalala garini.  Kaka akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira, "Ndugu yangu umetoka mbali hivyo, uje ulale nje ya mlango wangu kama mfanyabiashara wa mnada? Majirani watasema nini? Kwamba nyumba yangu ina kunguni?"

Mdogo wangu alijaribu kueleza. Kila alipoeleza, alizidi kuharibu. Alisema mama anahitaji kitanda laini. Ikaonekana anasema vitanda vya pale ni vibaya. Alisema kuna choo karibu. Mke wa kaka akainamisha kichwa. Nilimwona jinsi alivyokuwa amesahau mambo fulani, si kwa kiburi, ni kwa kukosa mazoezi tu, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kulima kwa jembe la ng'ombe.

Mama ndiye aliyeyamaliza. Alimgeukia dada yake, akamwambia karibu kabisa na sikio, lakini kwa nguvu, kila mtu asikie.

"Dada. Nimekaa kwa baba. Nikakaa kwa mume. Sasa nakaa na binti yangu. Sijawahi kukukaribisha kwangu. Lile gari kwa siku hizi ni nyumba yangu. Njoo ulale kwangu."

Mama mkubwa akafikiri. "Kuna mlango?"

"Upo."

"Unafungwa kwa ndani?"

"Unafungwa."

"Basi nakuja," akasema, akamwelekea mwanawe. "Hao wengine walaze ndani kwako."

Ikawa hivyo. Mimi na mdogo wangu tulilala kwenye vitanda vya kaka, na kaka akatembea akiwa na uso unaong'aa kwa furaha, maana wageni wake wamelala ndani. Wazee wawili walipandishwa garini, wakafunga mlango kwa ndani. Tuliwasikia wakipigiana kelele za masikio mabovu na kucheka mpaka usingizi ukatuchukua.

Asubuhi mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Hatukujua alipandaje. Alisema anataka kwenda Balangida.

Balangida ni ziwa la chumvi chini ya Hanang. Walipokuwa wasichana walikuwa wanatumwa huko na punda kuchukua chumvi ya mifugo, safari ya kulala njiani. Kaka alisema mama huyu haoni, ataona nini huko. Mama mkubwa alisema, "Sikusema nataka kuona. Nimesema nataka kwenda."

Tukaenda sote, kaka akiwa anaelekeza njia. Barabara ilikuwa imekatwakatwa na makorongo, na mengine yalikuwa na kuta za udongo mwekundu zilizochongwa na maji, zimesimama pande zote mbili za gari mpaka hatukuona tena mlima. Mdogo wangu alikuwa anaendesha akitabasamu peke yake. Halafu udongo ukaisha, na mbele yetu kukawa kweupe. Kilikuwa kiangazi, ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana, likaacha uwanja wa chumvi unaong'aa hadi macho yanauma, na maji kidogo, ya rangi ya bati, kwa mbali.

Wazee walivua viatu. Walishikana mikono wakaingia kwenye ule weupe, fimbo moja kulia, moja kushoto. Chumvi ilikuwa inavunjika chini ya nyayo zao kwa mlio wa kama mtu anatafuna bisi. Mama mkubwa alikuwa anauliza, mama anamjibu.

"Mlima uko mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Una wingu?"

"Dogo. Limekaa kileleni."

"Na ile njia ya punda?"

Mama alitazama. Hakukuwa na njia yoyote. "Ipo," akasema. "Naiona inakwenda."

Mdogo wangu alikuwa ameshika simu yake tayari kupiga picha. Akaishusha, akairudisha mfukoni.

Alitaka kuwasogezea gari ili wasirudi kwa miguu, na hapo ndipo tulipokwama. Ganda la chumvi lilipasuka, magurudumu ya nyuma yakazama kwenye tope jeusi lenye harufu ya mayai yaliyooza, na kila alipokanyaga mafuta, nyumba yetu ilizidi kukaa chini kama kuku anayetaka kutaga. Kaka alikwenda kutafuta msaada. Walikuja wafugaji wa Kibarabaig na maksai wao, wakalizunguka gari, wakachungulia dirishani, wakaona sufuria na mito, wakacheka sana. Mama mkubwa akawaamkia kwa lugha yao, akataja jina la marehemu mumewe, na mmoja wao akasema babu yake alimfahamu. Baada ya hapo kazi ikawa ya ndugu. Walifunga minyororo, maksai wakavuta, sisi tukasukuma. Mdogo wangu alianguka kifudifudi kwenye tope na kuinuka mweusi kabisa, na sijamsikia mama akicheka vile tangu baba afariki. Kuku, ambaye mama mkubwa alikataa achinjwe kwa kuwa ametaga humo garini, alikuwa analia muda wote chini ya meza.

Tulikaa Dirma siku chache. Siku ya kuagana niliiogopa tangu tulipoondoka nyumbani. Lakini wao wenyewe walikuwa watulivu. Mama mkubwa alimfunga mama kilemba, akakikaza kwa nyuma, akamwambia, "Mimi na wewe hatutaonana tena."

Mama hakusema "usiseme hivyo", kama sisi tungesema. Alisema, "Ndiyo. Lakini tumeonana."

Njia nzima ya kurudi, mpaka tulipopanda Dareda na baridi ikatupokea, alilala ametazama ukuta. Mdogo wangu aliniuliza kwa macho kupitia kioo kama amelala. Nilitikisa kichwa kuashiria hapana.

Baada ya wiki mdogo wangu alirudi Marekani. Aliponikumbatia alisema mwakani atakuja tena. Nilisema ndiyo. Kwa siku nyingi, nikitoka shuleni, nilikuwa nasimama kwenye kile kipande cha uwanja ambapo majani yalilala chini ya gari, nikijiambia nasubiri ng'ombe.

Mama mkubwa alifariki wakati wa masika. Barabara za kule zilikuwa zimekatika na hakuna gari lililopita. Majirani walikuja kukaa na mama nyumbani kwetu kama vile maiti iko kwetu, wakaleta kuni na maziwa, wakaimba. Nilimpigia mdogo wangu. Kwake kulikuwa asubuhi. Alilia, nami nikalia, halafu tukabaki tumeshika simu bila kuongea, nasikia gari zikipita barabarani kwao, naye bila shaka anasikia mvua kwenye bati letu.

Mama aliacha kula vizuri. Alikuwa anakunywa chai, anasema ameshiba. Mvua zilipopungua nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikaenda Dirma kwa basi, peke yangu. Kaka alinipeleka kwenye kaburi. Nilisimama pale, nikasema shikamoo. Mke wa kaka alinipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu nimpelekee mama.

Nilirudi nikiwa nimejiandaa kumweleza mama juu ya kaburi: lilivyo, lilivyoelekea, msalaba ni wa mbao gani. Alikuwa amekaa mlangoni na shuka lake. Hakuuliza hata moja ya hayo.

"Mahindi yao yamefika wapi?" akasema.

"Kwenye magoti."

"Na mtama?"

"Mtama umewahi. Unataka kutoa masuke. Wamepata mvua nzuri."

"Na ng'ombe yule mwenye pembe moja?"

"Amezaa. Ndama ni jike."

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye magoti yake, akaniuliza nani anakamua sasa, na kama kaka ameezeka upya lile banda la mbuzi. Nikamwambia yote niliyoyaona. Kisha akanyoosha mkono akachukua kibuyu, akakitikisa, akakifungua, akaonja.

"Lete ugali," akasema.